Mfupa uliomtambulisha Livingstone

Msikilizaji wetu wa Ikola, Karema na vijiji vyote vya mwambao, jina la David Livingstone si geni kwako. Shuleni tulifundishwa kwamba alikuwa mmisionari kutoka Uskoti, kwamba Stanley alimkuta Ujiji, na kwamba alifia mbali na kwao. Habari ambayo haisimuliwi sana ni ya mfupa wake mmoja, ule wa juu wa mkono wa kushoto, unaotoka begani kwenda kwenye kiwiko. Simba aliuvunja mwaka 1844. Haukuunga sawasawa. Aliishi nao hivyo hivyo miaka 29, na baada ya kufa kwake ndio uliowafanya madaktari wa London wakubali kwamba maiti iliyoletwa mbele yao ilikuwa yake kweli.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji mdogo wa Blantyre. Familia nzima iliishi katika chumba kimoja. Akiwa na miaka 10 alianza kazi kwenye kiwanda cha pamba, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, na baada ya hapo ndipo alipokwenda darasani. Mwaka 1836 alianza masomo ya udaktari mjini Glasgow, akapata cheti mwaka 1840, na mwisho wa mwaka huo akapanda meli kuja Afrika Kusini.

Daktari wa siku zile hakuwa na picha ya eksirei, maana ilikuja kugunduliwa mwaka 1895. Mifupa aliijua kwa kuishika kwa mikono yake, mmoja mmoja. Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto mchanga ana vipande vingi zaidi, karibu 300, kwa sababu sehemu nyingi huanza zikiwa gegedu, yaani ile nyama ngumu inayopindika kama ya sikioni, kisha hugeuka kuwa mfupa na kuungana kadiri mtoto anavyokua. Fuvu hulinda ubongo, mbavu hulinda moyo na mapafu, na uti wa mgongo huubeba mwili huku ukiuhifadhi uboho wa mgongo unaopitisha habari kutoka kichwani. Ndani ya mifupa mingi kuna uboho mwingine, na huko ndiko chembe za damu hutengenezwa kila siku. Mfupa pia ni ghala la madini ya kalsiamu. Mwili ukipungukiwa, huyachukua kutoka humo.

Wengi hudhani mfupa ni kitu kikavu kama ule unaoguguna mbwa. Ulio ndani ya mtu aliye hai una damu na una mishipa ya fahamu, na hujibomoa na kujijenga maisha yote. Kwa sababu hiyo ukivunjika unaweza kuunga. Ungekuwa kama jiwe tusingekuwa na habari ya kusimulia.

Sasa twende Mabotsa, kaskazini mwa Afrika Kusini ya leo, katika nchi ya Wakgatla. Simba walikuwa wakiua mifugo ya kijiji mchana kweupe. Tarehe 16 Februari 1844 wanaume walitoka kuwasaka, Livingstone akiwa miongoni mwao na bunduki yake ya midomo miwili. Alimpiga simba mmoja risasi zote mbili. Alipokuwa akijaza upya, mnyama yule alimrukia, akamshika karibu na bega na kumtikisa kama mbwa atikisavyo panya. Livingstone alieleza baadaye kwamba wakati ule hakusikia maumivu wala hofu, alikuwa kama mtu aliyepigwa na usingizi. Waliowahi kupata ajali mbaya ya bodaboda watamwelewa, maana maumivu huja baadaye.

Aliyemwokoa ni Mebalwe, mwalimu Mwafrika aliyefanya naye kazi. Mebalwe alilenga, bunduki ikagoma, lakini simba alimwona, akamwacha Livingstone na kumng'ata yeye pajani. Mtu wa tatu akaja na mkuki, naye akaumwa begani. Ndipo zile risasi za mwanzo zikafanya kazi yake na mnyama akaanguka. Watu watatu walijeruhiwa. Vitabu vinamtaja zaidi mmoja.

Mkono wa Livingstone ulikuwa na matundu 11 ya meno, na mfupa ulisagika vipande vipande. Hapa tutulie kidogo, kwa sababu mivunjiko ya namna hii bado ipo kwetu, kwenye pikipiki, kwenye miembe na machimboni.

Mfupa ukivunjika, damu huvuja mahali pale na kuganda. Lile donge la damu ndilo msingi wa ujenzi. Katika wiki mbili au tatu za kwanza, mwili huweka gegedu laini kati ya ncha mbili, kama mtu anayefunga daraja la miti kabla ya kumwaga zege. Baadaye madini huingia katika gegedu ile na kuifanya mfupa mpya, mnene kuliko wa zamani. Mfupa wa mkono wa juu kwa mtu mzima huchukua miezi miwili hadi mitatu kushika vizuri, na baada ya hapo mwili huendelea kuuchonga taratibu kwa miezi mingi hadi urudie umbo lake.

Kazi hiyo inataka ncha zikaribiane, damu ifike, pasiwe na usaha, na juu ya yote pasitikisike. Daraja lile laini likitikiswa kila siku haligeuki kuwa mfupa. Hubaki kama kamba ngumu kati ya ncha mbili, nazo ncha husuguana na kulainika hadi mkono unapindika mahali ambapo Mungu hakuweka kiungo. Madaktari hukiita kiungo cha uongo.

Ndicho alichokipata Livingstone. Meno ya simba yalitoboa ngozi na kuingiza uchafu hadi kwenye mfupa, na jeraha lilitoa usaha kwa muda mrefu. Dawa za kuua vijidudu hazikuwepo. Ilikuwa zaidi ya miaka 20 baadaye, mwaka 1865, katika mji ule ule wa Glasgow alikosomea, daktari Joseph Lister alipoanza kusafisha majeraha ya mivunjiko kwa dawa. Huko Mabotsa hapakuwa na daktari mwingine, ikabidi mgonjwa mwenyewe awaelekeze wenzake namna ya kumtibu.

Kwa hiyo ukimwona mtu amevunjika na ngozi imepasuka, usikande wala usivute ukidhani unanyoosha. Funika jeraha kwa kitambaa safi, funga mkono kwa vijiti viwili ili viungo vya juu na chini ya mvunjiko visicheze, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wazee wetu wanaounga mifupa wanajua kazi ya kutuliza kiungo, na wengi wameponya watu, lakini mfupa uliotoboa ngozi si wa kuufungia nyumbani. Na ukifungwa hogo hospitali, usilikate mwenyewe kwa sababu msimu wa kulima umefika. Chakula nacho kina sehemu yake. Dagaa wa ziwa letu, wale wanaoliwa na mifupa yao, wana kalsiamu nyingi kuliko minofu ya samaki mkubwa.

Tukirudi kwa Livingstone, mkono wake ulibaki na udhaifu usioisha. Fikiria kasia ambalo mpini wake una bawaba katikati. Unaweza kulivuta kwa nguvu zote, lakini maji hayasogei vile unavyotaka. Misuli ya Livingstone ilikuwa mizima, ila mfupa wa kuivutia haukuwa imara. Kuunyanyua mkono juu ya bega kulimtesa. Kushika bunduki kwa mkono huo wa mbele kulimshinda, akajifunza kufyatua akiegemeza kitako kwenye bega la kushoto.

Hata hivyo alikwenda. Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat. Kati ya 1854 na 1856 alitembea kutoka Luanda, pwani ya magharibi, hadi Quelimane, pwani ya mashariki. Mwaka 1866 alitokea Zanzibar, akaingia bara kupitia Mto Ruvuma, na mwaka uliofuata akafika kusini mwa Ziwa Tanganyika. Alifika Ujiji mwaka 1869 akiwa mgonjwa sana, akavuka kwenda Manyema, akarudi Ujiji mwaka 1871 amechoka na mikono mitupu. Ndipo Stanley akamkuta.

Mwisho wa mwaka huo wawili hao waliondoka Ujiji kwa mitumbwi, wakishuka kusini kwa kufuata mwambao huu wa mashariki. Baadaye waliiacha mitumbwi, wakapanda milima na kukatiza nchi ya Wabende, ambayo Stanley aliiandika Ukawendi. Sehemu kubwa ya nchi hiyo sasa ni Katavi yetu. Walifika Unyanyembe, karibu na Tabora, Februari 1872. Stanley akarudi kwao. Livingstone akangoja wapagazi, na mwezi Agosti akaondoka tena kuelekea kusini. Oktoba aliliona Ziwa Tanganyika kwa mara ya mwisho akishuka upande wa Ufipa.

Alikufa mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Waliokuwa naye ni Susi na Chuma, watumishi wake wa miaka mingi, Jacob Wainwright aliyekuwa amesoma India, na kundi la wapagazi. Wangeweza kumzika pale na kwenda zao, na hakuna ambaye angewalaumu. Waliamua kumrudisha kwa watu wake.

Moyo na matumbo waliyazika chini ya mti. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha juani wiki mbili, wakaukunja miguu, wakauzungushia kaniki na gome la mti, wakaushonea turubai. Kisha wakaubeba. Safari ilichukua miezi tisa, kupitia Luapula, kusini mwa Ziwa Tanganyika, nyanda za Ufipa hadi Unyanyembe. Hapo walikutana na Mwingereza aliyeitwa Cameron, akawashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Mbele ya safari wenyeji walizuia maiti kupita katika nchi yao, kwa hiyo wabebaji walitengeneza mzigo mwingine wa uongo na kujifanya wanaurudisha nyuma, huku wakiufunga ule wa kweli uonekane robota la vitambaa. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Wenzao kadhaa walikuwa wamefia njiani.

Hapo likaja swali. Uingereza ilikuwa imeshadanganywa mara kadhaa kwa habari za kifo cha Livingstone. Sasa limekuja furushi la magome lenye mwili uliokauka, na uso usioweza kutambulika. Nani angesema kwa hakika ni yeye? Kwa maneno mengine, nani angewaamini Susi na Chuma?

Meli ilifika Southampton tarehe 15 Aprili 1874. Jioni hiyo, London, daktari wa upasuaji William Fergusson alifungua turubai. Alikuwa ameuona mkono wa Livingstone enzi za uhai wake. Alipapasa mkono wa kushoto, akachana kidogo, na chini ya bega akaukuta mfupa umevunjika kwa mshazari, ncha zikiwa zimeshikana kwa kiungo cha uongo. Nyama ilikuwa imekauka na ngozi imebadilika, lakini mfupa ulikuwa vile vile ulivyokuwa tangu Mabotsa. Fergusson akatangaza kwamba hana shaka tena.

Siku tatu baadaye, tarehe 18 Aprili, Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster. Jacob Wainwright alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Susi na Chuma hawakuwepo. Hakuna aliyewalipia nauli kwa wakati, walifika Uingereza baadaye mwaka huo mazishi yakiwa yamekwisha, wakawasaidia waliokuwa wakitayarisha kitabu cha shajara zake kwa kueleza yaliyotokea njiani. Nakala ya mfupa ule, iliyotengenezwa kwa plasta, inatunzwa Uskoti. Moyo uko Chitambo.