Daktari Zener na Diodi Yenye Jina Lake

Wengi wetu tunaofungua redio na chaja hutaja neno zener kila siku, lakini ni wachache wanaojua kuwa hilo lilikuwa jina la mtu. Clarence Melvin Zener alizaliwa tarehe 1 Desemba, 1905, katika mji wa Indianapolis, Marekani. Alisoma Stanford, kisha akaenda Harvard, akapata udaktari wa fizikia mwaka 1929, akiwa na umri wa miaka 23 tu.

Mwaka 1934 alitoa maelezo ya jambo lililowatatiza wengi: kwa nini kitu kisichopitisha umeme huanza ghafula kuupitisha kikitiwa volti nyingi mno? Kwa hesabu alionyesha kwamba msukumo wa umeme ukiwa mkali sana, elektroni hupenya kizuizi ambacho kwa desturi hazikivuki. Transista ilikuwa bado. Hiyo ilipatikana mwaka 1947. Wala Zener hakuunda diodi yoyote. Jina lake lilitiwa na akina William Shockley wa maabara ya Bell, kwa heshima ya hesabu zile.

La ajabu ni kwamba diodi nyingi ziitwazo zener hazifuati njia yake. Zilizo chini ya volti 5 hivi huifuata. Zilizozidi 6 hivi hufuata njia nyingine: elektroni moja hugonga na kuzitoa nyingine, kama jiwe liporomokalo mlimani likayasukuma mengine. Joto likizidi, volti za aina ya kwanza hushuka kidogo, na za aina ya pili hupanda. Diodi ya volti 5.1 au 5.6 ina njia zote mbili, kwa hiyo hutulia kuliko zote, iwe katika joto la Moshi mjini mwezi wa Februari au baridi ya Marangu usiku wa Julai.

Tuseme mzazi kule Kibosho ana mashine ya kutotolea vifaranga, na saketi yake ya kupima joto yataka volti 5 na miliampea 20. Betri yake ya sola hushuka hadi volti 11 usiku, na mchana hupanda hadi 14.4. Tukiweka diodi ya volti 5.1 na rizista ya ohm 220, usiku hupita miliampea 27. Saketi huchukua 20, na 7 zinazobaki zatosha kuishika diodi. Mchana hupita 42. Saketi ikichomolewa, zote huiangukia diodi, yaani wati 0.21. Diodi ya robo wati ingekuwa ukingoni mwa kuungua, na mayai ya siku 21 yangepotea. Basi anunue ya nusu wati, na rizista ya wati moja. (Asijaribu kuchajia simu kwa njia hii, maana simu hutaka miliampea mamia.)

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Zener alichunguza metali katika ghala la silaha la Watertown, halafu akafundisha Chicago. Tangu mwaka 1951 alikuwa katika kampuni ya Westinghouse, akawa mkuu wa utafiti. Mwaka 1968 alihamia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, na uzeeni alishughulikia jinsi ya kupata umeme kutokana na tofauti ya joto kati ya maji ya juu ya bahari na yale ya kilindini. Alifariki tarehe 2 Julai, 1993, akiwa na miaka 87.