Umm Kulthum na Jeneza Lililopokonywa

Katika fasihi simulizi, mbolezi huimbwa na wafiwa, na wafiwa hujulikana: ni mke, mwana, ndugu, jirani, au mtu wa rika la marehemu. Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa mtihanini ataje muktadha wa mbolezi hakuni kichwa. Hata hivyo, pana aina ya msiba ambayo vitabu vyetu vya kiada havijaishughulikia ipasavyo, nayo ni ule wa mtu kumlilia msanii ambaye hakuwahi kumpa mkono, hakuwahi kula naye, na pengine hakumwona ila kwa picha. Je, huyu naye ni mfiwa? Wapo wanaomcheka na kudai kwamba huo ni ushabiki mtupu, tena wa kitoto. Makala haya yanaipinga kauli hiyo kwa kusimulia maisha ya mwanamke mmoja wa Misri, Umm Kulthum, aliyeiaga dunia tarehe 3 Februari 1975.

Mwaka wa kuzaliwa kwake una utata. Baadhi ya waandishi hutaja 1898 na wengine 1904. Lisilo na utata ni kwamba alizaliwa katika kijiji cha Tamay al-Zahayra, jimbo la Daqahliyya, kwenye delta ya mto Nili, katika nyumba isiyokuwa na cha ziada. Baba yake, Ibrahim al-Baltaji, alikuwa imamu wa msikiti wa kijiji. Ujira wa uimamu haukumtosha kulisha aila, kwa hivyo akawa anaalikwa kuimba kasida za kumsifu Mtume katika harusi na maulidi, akifuatana na mwanawe Khalid. Binti hakufunzwa kuimba. Alisikiliza tu kaka yake akifunzwa, akazinasa kasida zile moja baada ya nyingine, hadi siku baba alipomsikia na kutambua kwamba sauti yenye nguvu zaidi nyumbani mwake ilikuwa ya yule ambaye hakumkusudia.

Akaanza kumchukua safarini. Lakini imamu kumsimamisha bintiye mbele ya wanaume aimbe lilikuwa jambo zito, naye akalitafutia dawa: alimvisha mavazi ya kiume, kilemba na joho la Kibedui, hata wasikilizaji wengine wakamdhania kuwa mvulana. Walikwenda kwa miguu, kwa punda, na baadaye kwa gari la moshi, kijiji hadi kijiji. Kando na safari hizo, alipelekwa chuoni kusoma Kurani. Naona kwamba chuo hicho ndicho kilichompa silaha yake kuu, maana humo alifunzwa kulitamka neno la Kiarabu fasaha kwa ukamilifu wake, kila herufi ikitoka mahali pake. Hadi uzeeni alisifiwa kwa matamshi ambayo hata asiyejua kusoma aliyafuata bila shida. Sisi tunaosoma isimu tunaelewa kwamba usanii wa aina hiyo hauokotwi njiani.

Mnamo mwaka 1923 hivi, aila ilihamia Cairo. Mji ulikuwa na waimbaji wake, akiwemo Munira al-Mahdiyya aliyekwisha kutawala majukwaa, na wenyeji hawakuwa na subira na msichana wa shamba anayeimba kasida huku kazungukwa na baba, kaka na jamaa waliovaa vilemba. Alidharauliwa mavazi yake, na wasindikizaji wake wakaonekana watu waliopitwa na wakati. Hakujibu kwa maneno. Alijitia katika kusoma. Sheikh Abu al-Ila Muhammad alimfundisha namna ya kuutii ushairi anaouimba, badala ya kuutumia kama chombo cha kuonyeshea sauti tu. Mshairi Ahmad Rami, aliyekuwa amerejea kutoka masomoni Paris, alimfungulia hazina ya mashairi ya Kiarabu. Kufikia mwaka 1926 jamaa zake walikuwa wameondoka jukwaani na mahali pao pakachukuliwa na wapigaji ala hodari, akiwemo Muhammad al-Qasabji, bingwa wa udi na mtunzi wa lahani.

Ahmad Rami anastahili kutajwa zaidi ya mara moja. Katika maisha yake alimtungia Umm Kulthum nyimbo zaidi ya 100, nyingi zikiwa za mapenzi yasiyotimia, na Misri nzima iliamini kwamba aliyekuwa akiimbiwa katika nyimbo hizo ndiye huyo huyo aliyeziimba. Hawakuoana. Mwaka 1954 Umm Kulthum aliolewa na daktari, Hasan al-Hifnawi, na Rami akaendelea kutunga. Mshairi huyu alikuwa shabiki wa kwanza na, kama tutakavyoona, alikuwa miongoni mwa wafiwa wa mwisho kunyamaza.

Tarehe 31 Mei 1934, redio ya taifa ya Misri ilifunguliwa rasmi na Umm Kulthum alikuwa miongoni mwa walioimba siku hiyo. Kuanzia miaka hiyo ya 1930, tamasha lake la Alhamisi ya kwanza ya mwezi likawa linatangazwa moja kwa moja katika misimu ya tamasha. Alhamisi hizo zilidumu kwa takriban miaka 40. Mikahawa ilijaa na majumbani watu walikusanyika penye redio, si Cairo tu bali pia Baghdad, Damascus, Tripoli na Casablanca. Inasimuliwa kwamba barabara zilibaki tupu, na kwamba wanasiasa waliotaka kusikilizwa na umma walijichunga wasihutubu usiku huo.

Hapa ni lazima tusimame kidogo, kwa sababu tusipolielewa tamasha lenyewe hatutayaelewa mazishi. Umm Kulthum angeweza kuimba nyimbo mbili au tatu tu katika usiku mzima, na usiku huo ukaendelea hadi saa nane au saa tisa. Wimbo mmoja ulichukua saa nzima au zaidi. Si kwamba maneno yake yalikuwa mengi. Aliimba mshororo, wasikilizaji wakapiga ukelele wa kuomba aurudie, naye akaurudia kwa namna nyingine. Wakaomba tena, akaurudia tena, kila mara akigusa neno jingine, hata neno moja la kawaida likawa na sura kumi. Hali hiyo ya nafsi kulewa kwa sauti ndiyo Waarabu huiita tarab, na ndiyo asili ya neno letu taarabu. Tarab hailetwi na mwimbaji peke yake. Humhitaji msikilizaji anayeitikia, na msikilizaji akiwa baridi, wimbo hufupika. Kwa maneno mengine, urefu wa wimbo wa Umm Kulthum ulipimwa na hadhira yake. Wale watu walikuwa watunzi wenza.

Pwani yetu haikuwa mbali na mambo haya. Tangu karne ya 19, Sultani Barghash wa Unguja alipomtuma mtu Misri kujifunza muziki, taarabu imekuwa ikiitazama Cairo. Wanachama wa Ikhwani Safaa, kikundi kilichoundwa Unguja mwaka 1905, waliagiza ala zao kutoka huko, na baadaye okestra za taarabu zilizosheheni fidla, kanuni na udi zilifuata mfano wa okestra zilizosikika katika filamu na redio za Misri. Anayeitafiti taarabu ya visiwani bila kumsikiliza Umm Kulthum anafanya kazi nusu.

Sifa zake nyingine nitazipitia kwa haraka, maana zimeandikwa kwingi. Aliigiza katika filamu 6 kati ya miaka 1936 na 1947. Mfalme Faruq alimtunuku nishani mwaka 1944. Mfalme alipopinduliwa mwaka 1952, nyimbo zake zikaondolewa redioni kwa muda, hadi Gamal Abdel Nasser, aliyekuwa mpenzi wake mkubwa, alipoingilia kati. Mwaka 1964 Muhammad Abdel Wahab, mshindani wake wa miaka mingi, alimtungia lahani ya wimbo Inta Omri, na wapenzi wa pande zote mbili wakapatana kwa lazima. Maradhi ya tezi yaliyaathiri macho yake, ndipo akawa anavaa miwani myeusi. Miwani hiyo, pamoja na kitambaa alichokishika mkononi anapoimba, ikawa alama yake.

Jambo moja haliwezi kupitiwa haraka. Baada ya Misri kushindwa vitani mwezi Juni 1967, walizuka wahakiki waliomtupia lawama. Walidai kwamba nyimbo zake ndefu zilikuwa kasumba iliyoulaza umma wa Waarabu wakati adui alipokuwa macho. Lawama hiyo ilikuwa nzito, na sioni kwamba ilikuwa ya haki: jeshi lililopigwa halikupigwa na wimbo. Hata hivyo iligusa ukweli kwamba hakuna mwanasiasa aliyekuwa na uwezo wa kuwakalisha watu kimya namna ile. Umm Kulthum alijibu kama alivyojibu ujanani, kwa kazi. Alizunguka miji ya Misri, kisha akaenda Paris mwezi Novemba 1967 na kuimba katika ukumbi wa Olympia, kisha Morocco, Tunisia, Libya, Sudan, Kuwait na Lebanon. Mapato aliikabidhi serikali ya nchi yake, nayo yalizidi dola milioni 2 za Marekani. Alikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka 60, mwenye figo zinazochoka.

Vifo vilikuwa vimekwisha kumzunguka. Al-Qasabji alifariki mwaka 1966, na inasimuliwa kwamba kiti chake kiliachwa kitupu jukwaani, katikati ya okestra, kwa sababu mwimbaji hakutaka mwingine akikalie. Nasser alifariki tarehe 28 Septemba 1970 wakati Umm Kulthum akiwa Moscow kwa ajili ya kuimba; akaivunja safari na kurudi. Tamasha lake la mwisho lilikuwa mwishoni mwa mwaka 1972. Baada ya hapo Alhamisi zikawa za kungoja habari kutoka kwa madaktari.

Alipokata roho, serikali iliyaahirisha mazishi kwa siku mbili ili wageni wa mataifa mengine wapate kufika. Uislamu huhimiza maiti azikwe mapema, na kwa mwanamke aliyelelewa na imamu uamuzi huo ulikuwa na walakini. Lakini dola ilimhesabu kuwa wake, na dola huzika kwa itifaki. Mpango ulikuwa maiti atolewe katika msikiti wa Omar Makram, katikati ya Cairo, ambako shughuli rasmi za aina hiyo zilizoea kufanyiwa. Viongozi na mabalozi wafuate jeneza kwa masafa mafupi, kisha apelekwe makaburini.

Mpango haukufika mbali. Wananchi waliofurika mabarabarani walikuwa mamilioni, na zipo hesabu zinazofikia milioni 4. Walilichukua jeneza kutoka mabegani mwa wachukuzi rasmi wakaanza kulipokezana wao kwa wao. Polisi hawakuwa na la kufanya, na itifaki ikabaki nyuma. Kwa muda wa saa tatu hivi jeneza lilielea juu ya vichwa vya watu katika njia ambayo hakuna mkubwa aliyeipanga, hadi msikiti wa Sayyidna Husein, katika mji wa kale, msikiti ulioaminika kuwa mpendwa wake. Hapo aliombewa. Walitaka kuendelea kumbeba, na pengine wangembeba hadi usiku, kama imamu wa msikiti asingewakumbusha kwamba huyu alikuwa mcha Mungu, na kwamba mwenyewe angependa afikishwe kaburini bila kucheleweshwa. Wakasikia. Askari hawakuwaweza wala ratiba ya serikali haikuwaweza. Waliitii hoja iliyotoka katika maisha ya marehemu mwenyewe. Mtu anayemjua marehemu kwa picha tu haguswi na hoja kama hiyo.

Waandishi wa habari wa kigeni waliona fujo. Mimi naona ukamilifu fulani wa mambo. Kwa miaka 40 watu wale ndio walioamua mshororo upi urudiwe na wimbo ufike wapi. Siku ya mwisho waliamua njia ya jeneza lipite wapi, nao walilirefusha tamasha kama walivyozoea. Naweza kukubali kwamba walimchelewesha. Siwezi kukubali kwamba hawakuwa wafiwa.

Ahmad Rami alimtungia marthiya, naye akaishi kwa majonzi hadi alipofariki mwaka 1981. Nyumba ya Umm Kulthum iliyokuwa Zamalek, kando ya mto Nili, ilibomolewa na mahali pake pakajengwa jengo refu, jambo ambalo wapenzi wake hawakuacha kulinung'unikia. Jumba la makumbusho yake lilifunguliwa mwaka 2001 katika kisiwa cha Rhoda, na humo mna miwani, vitambaa na magauni. Wanaokwenda huko wengi wamezaliwa baada ya mwaka 1975.

Kilichosalia zaidi ya vitu hivyo ni kanda za Alhamisi. Mikahawa ya Cairo huzicheza usiku, na anayetega sikio husikia zaidi ya sauti ya mwimbaji na fidla. Husikia ukumbi mzima: huyu anapiga ukelele kwa furaha, yule anamwita Mungu, mwingine anasihi mshororo urudiwe. Wengi wa watu hao nao wamekwisha kufa, na majina yao hayakuandikwa popote. Anawasikia wakiomba, na baada ya kitambo kidogo anamsikia Umm Kulthum akiwarudia.