W. E. Taylor na Maneno Yaandikwayo Sawa

Kiswahili kina maneno ambayo jicho huyaona kuwa mamoja ilhali sikio huyatenga. Paa la nyumba na paa wa mwituni huandikwa kwa herufi zizo hizo. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Msemaji wa Kimvita hayachanganyi. Anapomtaja mnyama, konsonanti ya mwanzo huitamka kwa mpumuo. Anapotaja paa la nyumba au kaa la moto, mpumuo huo haupo. Miongoni mwa waliojitahidi kuzitia tofauti hizi katika maandishi ya Kirumi, William Ernest Taylor ana nafasi ya pekee.

Taylor alizaliwa Uingereza mwaka wa 1856 na kufika Afrika Mashariki mwaka wa 1880 akiwa mmisionari wa Kianglikana. Kabla yake, Edward Steere alikuwa amekwisha kueleza sarufi ya Kiunguja, na kamusi ya Ludwig Krapf, iliyoegemea lugha ya Mombasa, ikachapishwa mwaka wa 1882. Taylor alikita katika Kimvita. Alibaini kuwa tahajia ya kawaida ilizichanganya sauti ambazo wenyeji walizitenga: zenye mpumuo na zisizo nao, t ya meno na t ya ufizi. Akabuni mfumo wa alama za kuzipambanua, na kuutumia katika mkusanyiko wake wa methali za Waswahili uliotoka mwaka wa 1891.

Hata hivyo, maarifa hayo hakuyapata peke yake. Mwalimu wake mkuu alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, msomi wa Mombasa aliyejishughulisha na kukusanya mashairi ya Muyaka bin Haji kutoka kwa wazee waliokuwa wakiyahifadhi vichwani. Muyaka alikuwa amefariki takriban mwaka wa 1840, na waliomkumbuka walizidi kupungua. Sikujua aliyanakili mashairi kwa hati za Kiarabu na kumfafanulia Taylor maana zake. Alipofariki mwaka wa 1890, kazi yao ilikuwa imeokoa sehemu kubwa ya ushairi ambao ungalipotea.

Taylor aliendelea kuandika. Utangulizi wake na tafsiri yake ya Al-Inkishafi vilitokea katika kitabu cha C. H. Stigand kuhusu lahaja za Kiswahili, mwaka wa 1915. Alifariki mwaka wa 1927. Mwaka uliofuata, mkutano uliofanyika Mombasa, mji wa Kimvita chenyewe, ulipendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930 ilisimamia usanifishaji huo, na alama za Taylor hazikupata nafasi katika tahajia ya shuleni. Faida ilikuwepo: tahajia nyepesi ilirahisisha uchapishaji na ufundishaji katika nchi kadhaa. Hasara nayo ilikuwepo, kwani mwanafunzi alipewa neno bila ya sauti yake.

Karatasi za Taylor zilihifadhiwa London, na kutokana nazo William Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka mwaka wa 1940. Baadaye Mohamed Abdulaziz aliutafiti ushairi huo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka wa 1979.

Umuhimu wa Taylor hudhihirika zaidi mbali na pwani. Msomaji wa Eldoret, ambaye huenda lugha yake ya kwanza ni Kinandi au Kiluhya, hukutana na paa na kaa kitabuni kwanza, wala si kinywani mwa mzazi. Muktadha humwezesha kuipata maana, lakini haumpi sauti. Anaposoma shairi la Kimvita lililojengwa juu ya mchezo wa maneno, anaweza kudhani mshairi amerudia neno moja, kumbe ametaja mawili. Kwa msomaji kama huyo, alama zilizoachwa nje ya tahajia sanifu zingali ushahidi wa jinsi maneno hayo yalivyosikika mitaani Mombasa, vinywani mwa kina Mwalimu Sikujua.