Karl Landsteiner, mtu aliyetupa makundi ya damu, na namna makundi hayo yanavyogusa malaria

Katika hospitali nyingi za Congo tukio hili linajulikana. Mtoto analetwa mgongoni mwa mama yake, viganja na macho yamekuwa meupe, malaria imekwisha kummaliza damu. Muganga anaandika kwamba mtoto aongezewe damu haraka. Swali la kwanza la maabara ni moja: mtoto huyu ni wa kundi gani? Jibu linapatikana kwa dakika chache. Lakini kabla ya mwaka 1901 hakuna muganga duniani ambaye angeweza kulitoa. Aliyefungua njia hiyo ni Karl Landsteiner.

Landsteiner alizaliwa tarehe 14 Juni 1868 karibu na mji wa Vienna, nchini Austria. Baba yake, Leopold, alikuwa mwandishi wa habari mwenye jina kubwa, lakini alifariki wakati Karl akiwa na miaka sita tu. Mtoto huyo alilelewa na mama yake, Fanny, na wawili hao walipendana sana. Mama alipokufa, Karl alitunza sura ya plasta iliyonakiliwa kwenye uso wa marehemu, akaitundika ukutani. Ilibaki hapo mpaka mwisho wa maisha yake.

Alimaliza masomo ya uganga katika Chuo Kikuu cha Vienna mwaka 1891. Badala ya kufungua kliniki na kutafuta pesa, alikwenda Ujerumani na Uswisi kujifunza kemia. Aliporudi nyumbani alifanya kazi ambayo wengi waliikimbia: kupasua maiti ili kujua chanzo cha kifo. Katika muda wa miaka kama kumi alipasua maiti zaidi ya 3,600.

Wakati huo kumwongezea mgonjwa damu ya mtu mwingine kulikuwa kama bahati nasibu. Mmoja alipona, mwingine alitetemeka kwa homa na kufa muda mfupi baadaye. Waganga wengi walidhani kwamba damu za watu hugombana kwa sababu ya ugonjwa. Landsteiner alijiuliza kama damu za watu wazima wa afya nazo zinatofautiana.

Jaribio lake lilikuwa rahisi. Alichukua damu yake mwenyewe na ya wenzake wa maabara. Alitenganisha maji ya damu na chembe nyekundu, kisha akachanganya maji ya mmoja na chembe za mwingine. Mara chembe zilishikamana na kufanya mabonge, mara zilibaki zimetawanyika bila shida. Mabonge hayo hayakutokea ovyo, yalifuata utaratibu. Mwaka 1901 alitangaza makundi matatu: A, B, na la tatu aliloliita C, ambalo leo tunaliita O. Mwaka uliofuata wenzake waligundua la nne, AB. Damu yake mwenyewe ilikuwa ya kundi O.

Tofauti hiyo inatokana na sukari ndogo sana zilizo juu ya chembe nyekundu. Mtu wa A ana sukari ya aina moja, wa B ana nyingine, wa AB anazo zote mbili, na wa O hana hata moja kati ya hizo. Kila mtu anairithi hali hiyo kutoka kwa baba na mama.

Ugunduzi huo haukupigiwa kelele mara moja. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1907 ndipo muganga Reuben Ottenberg wa New York alipopima makundi kabla ya kumwongezea mgonjwa damu. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika, faida yake ilionekana kwa majeruhi wengi. Landsteiner alikuwa amekwisha kuendelea na mambo mengine: mwaka 1908, pamoja na Erwin Popper, alionyesha kwamba polio inaletwa na virusi.

Baada ya vita, Vienna ilijaa njaa na ufukara. Mwaka 1919 alihama na mke wake Helene na mtoto wao wa kiume mdogo, akaenda The Hague, Uholanzi, ambako alifanya vipimo vya kawaida katika hospitali ndogo. Baadaye aliitwa New York na taasisi ya Rockefeller. Huko, mwaka 1927, yeye na Philip Levine waligundua alama nyingine za damu: M, N na P. Mwaka 1930 alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1940, pamoja na Alexander Wiener, alitangaza Rezusi, ile alama ya kujumlisha au kutoa ambayo mama wengi huisikia wanapopimwa mimba.

Tarehe 24 Juni 1943 moyo ulimshinda akiwa kazini katika maabara yake. Alifariki siku mbili baadaye, akiwa na miaka 75.

Alikufa bila kujua kwamba alama alizogundua zinahusika pia na malaria. Watafiti waliokuja nyuma yake waliona kwamba chembe iliyoingiwa na kijidudu cha malaria kali, falciparum, mara nyingi huvuta chembe nzima na kujizungushia, kama ua na majani yake. Mafungu hayo huziba mishipa midogo, hata ile ya ubongo. Sukari za A na B zinasaidia kuyashikamanisha kama gundi. Kwa mtu wa O gundi hiyo haipo, kwa hiyo mafungu yanakuwa madogo na yanaachana kwa urahisi.

Utafiti uliofanywa Mali na kutangazwa mwaka 2007 ulionyesha hivyo kwa hesabu: kati ya watoto wenye malaria kali, wa kundi O walikuwa asilimia 21 tu, wakati kati ya wenye malaria ya kawaida na wenye afya walikuwa karibu asilimia 44. Hata ile familia ya alama za M na N ilikuwa na siri yake. Mwaka 2017 ilijulikana kwamba aina yake moja ya kurithi, Dantu, inayopatikana Afrika ya Mashariki, inapunguza hatari ya malaria kali kwa asilimia kama 40. Wataalamu waliofanya kazi Kilifi, Kenya, walieleza baadaye kwamba ngozi ya chembe hizo imekazika, na kijidudu kinapata shida kuipenya.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Kuwa wa kundi O hakumaanishi kutougua malaria. Mtu wa O anaumwa na mbu na kupata homa kama wengine. Kinachopungua ni uwezekano wa ugonjwa kufika hatua mbaya, na kupungua si kwisha. Watoto wa O nao hufa kwa malaria.

Tena kuna jambo lingine. Mtoto wa O akiishiwa damu, chembe nyekundu za A, B au AB haziwezi kumsaidia, zitamdhuru. Lazima apate za O. Kundi linalomkinga kidogo na malaria ndilo linalompunguzia watu wa kumpa damu siku malaria inapomshinda.

Tangu mwaka 2004, kila tarehe 14 Juni, siku ya kuzaliwa kwa Landsteiner, dunia inaadhimisha Siku ya Wachangiaji Damu. Kwa familia zetu, somo lake ni hili: tujue kundi letu la damu mapema, tutoe damu kabla mtoto wa jirani hajaihitaji, na mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo, awe wa kundi lolote.