Maisha ya Robert Koch: Fundisho kwa Mwalimu wa Sayansi

Mwalimu anapofundisha juu ya vijidudu vya maradhi, mara nyingi huanza na majina ya wavumbuzi na kumaliza na majina hayo hayo. Katika makala haya tutaeleza maisha ya Robert Koch, tabibu wa Kijerumani, kwa kuwa njia yake ya kazi yatufaa zaidi kuliko sifa zake.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, akahitimu udaktari mwaka 1866. Tangu mwaka 1872 alikuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo usio na chuo kikuu. Nyumbani mwake alichunguza kwa hadubini damu ya mifugo iliyokufa kwa kimeta, na mwaka 1876 akaonyesha kijidudu kinachosababisha maradhi hayo.

Hata hivyo alitambua tatizo. Wataalamu wa wakati ule walichora kwa mkono walichokiona, na mkono huchora pia kile ambacho moyo unatamani kukiona. Kwa hiyo Koch alikausha tone jembamba juu ya kioo, akalitia rangi, akaunganisha kamera na hadubini, na mwaka 1877 akachapisha picha za bakteria. Tangu hapo mtu aliye mbali aliweza kutazama na kupima mwenyewe. Mwaka 1882 alitangaza kijidudu cha kifua kikuu, na mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kazi yake ilifika hata kwetu. Mwaka 1897 na 1898, akiwa Dar es Salaam, alichunguza vielelezo vya wagonjwa kutoka Kiziba, kaskazini ya Nshambya yetu, akatambua tauni. Mwaka 1906 na 1907 alichunguza malale katika visiwa vya Sese, Uganda, maradhi ambayo watu wa Kiziba waliokwenda huko kutafuta kazi walirudi nayo. Hapa yatupasa kusema ukweli wote. Aliwatibu wagonjwa kwa atoxyl, dawa yenye aseniki, akaongeza kipimo chake, na baadhi yao wakapofuka. Hadubini ilionyesha kwamba vijidudu vimetoweka katika damu; haikuonyesha macho ya mgonjwa. Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910.

Siku hizi picha za hadubini huchambuliwa kwa kompyuta. Programu kama ImageJ, iliyotoka Marekani mwaka 1997, huhesabu chembe na kupima ukubwa wake. Lakini programu humtii mtumiaji: asipoipa kipimo sahihi, au akikosea kutenga chembe na mandhari yake, itatoa tarakimu safi zisizo na ukweli.

Somo hili laweza kuanza bila kompyuta. Mwalimu awape wanafunzi picha ya chembe za damu yenye mstari wa kipimo. Ikiwa mstari wa sentimita 2 unawakilisha mikrometa 10, basi chembe yenye upana wa sentimita 1.4 ni mikrometa 7. Kisha wanafunzi wawili wahesabu chembe zote, kila mmoja peke yake, wakiwa wamekubaliana kwanza jinsi ya kuhesabu zilizokatwa na ukingo wa picha. Majibu yakitofautiana, mwalimu asiharakishe kutoa jibu lake. Awaache warudi kwenye picha na kueleza sababu. Mwisho awaulize ni jambo gani juu ya mgonjwa ambalo picha hiyo haiwezi kulionyesha.