Marhumu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui

Wasomaji wetu wengi walijua jina la Sheikh Al-Amin kwa vitabu vyake vya chuoni. Lakini ni wachache wanaozingatia jambo lililomshughulisha umri wake: Mwislamu wa pwani ni nani katika nchi inayobadilika, na haki yake ailinde kwa kitu gani.

Alizaliwa Mombasa mwaka wa 1891, pwani ikihesabiwa milki ya Sultani wa Unguja. Wazee wake walitoka Oman, wakaitawala Mombasa karibu karne nzima hata 1837. Mwaka wa 1895 Waingereza waliitia pwani katika himaya yao, na vita vya jamaa yake Mbarak bin Rashid vikazimwa mwaka uliofuata. Hivyo mtoto wa ukoo wa watawala akakua katika watawaliwa. Hakulilia utawala huo. Aliandika tarikh ya Mazrui kwa Kiarabu, na asili ya ng'ambo hakuificha.

Alisomeshwa na mkubwa wake Sheikh Suleiman bin Ali, kisha akaenda Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir. Tuangalie hawa walimu wawili: mmoja mzaliwa wa Ngazija, wa pili wa Lamu, na ilimu ndiyo iliyowapa heshima Unguja. Tena akawa akisoma Al-Manar, jarida la Sayyid Rashid Ridha wa Misri.

Mwaka wa 1930 akaanza kutoa Sahifa, karatasi ndogo ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mwaka wa 1932 Al-Islah kwa lugha mbili. Ndani yake hakumwonea haya mtu. Aliwakemea wanaotapanya mali katika arusi na matanga, wanaomuiga Mzungu mavazi wakaiacha bidii yake, na wanaowanyima binti zao masomo. Wako waliochukizwa, na bila shaka dawa ilikuwa chungu. Lakini sisi twaona alipatia pale alipoanza kuwalaumu watu wake kabla ya kuwalaumu wageni.

Nasi tukumbuke zama zenyewe. Serikali iliwagawa raia katika Wazungu, Wahindi, Waarabu na Waafrika, kila fungu na haki zake. Waarabu walipopewa kiti katika Baraza la Kutunga Sheria, ndugu zetu wa Thenashara Taifa waliachwa nje, ingawa ndio wenyeji wa mji. Watu waliosali safu moja wakawa wanashindania jina katika daftari la serikali. Sheikh aliwahimiza Waarabu wasikipoteze Kiarabu, na hapo wengine watamwona ameegemea upande. Lakini Sahifa yenyewe aliitoa kwa Kiswahili, ikisomwa na huyu na huyu.

Suala hilo halikuzikwa pamoja naye. Hapa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, linapokutana darasa letu, mtu wa pwani huitwa mgeni, na mwishoni mwa mwaka 2021 maelfu ya watu wa kila kabila walibomolewa nyumba. Vijana wengi wa Kiislamu nao wametakiwa karatasi za baba na babu kabla ya kupata kitambulisho; ni Februari 2025 tu Rais alipotangaza kuuondoa uchunguzi huo kwa watu wa mipakani.

Turudi kwa Sheikh. Mwaka wa 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya. Kula mshahara wa serikali ya kigeni na huku ukiwaamsha watu si jambo jepesi. Ila mahakama ile ndiyo iliyowahifadhia Waislamu ndoa na mirathi yao. Ikalindwa katika mapatano ya 1963 Sultani alipoiacha pwani, na leo imo katika Katiba ya 2010, kifungu cha 170.

Alifariki Aprili 1947, tafsiri yake ya Kurani haijatimia. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu baada ya uhuru. Alipoondoka mwaka wa 1968, kiti kile cha Kenya alikikalia Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mtu wa Unguja, aliyehamia Kenya mwaka mmoja tu kabla yake.