JUAN MANUEL FANGIO: MAKANIKA ALIYEWASHINDA VIJANA

Kila mwaka kurasa hizi husimulia maisha ya wanasiasa, waandishi na wanariadha. Mwaka huu mimi nimeonelea niwaletee dereva. Tena si dereva wa Safari Rally, ijapokuwa sisi Wakenya hatuwezi kuwasahau akina Joginder Singh na Shekhar Mehta. Huyu ni Juan Manuel Fangio wa Argentina, aliyefariki mwaka wa 1995. Nimemchagua kwa sababu alikuwa makanika kabla ya kuwa bingwa, na mimi kila siku nikitoka shuleni hupita penye magereji nikasimama kidogo kuwatazama mafundi. Isitoshe, alikuwa bingwa wa dunia mara tano, na mara ya mwisho alikuwa na miaka 46. Umri wa baba ya mtu kabisa!

Fangio alizaliwa tarehe 24 Juni 1911 katika mji mdogo wa Balcarce, kwenye mashamba ya viazi kusini mwa jiji la Buenos Aires. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Italia, watu wa kazi za mikono. Alipofika miaka 13 aliacha shule akaingia gereji kujifunza ufundi. Baada ya kazi alicheza kandanda, na wenzake wakambandika jina la El Chueco, yaani mwenye matege. Jina hilo lilimganda hadi uzeeni, hata alipokuwa akipeana mikono na wakubwa wa dunia.

Baada ya kutumikia jeshi, yeye na rafiki zake walifungua gereji yao wenyewe. Mwaka wa 1936 aliingia mashindanoni kwa mara ya kwanza akiendesha gari kuukuu aina ya Ford, ambalo kazi yake ya kawaida ilikuwa teksi. Mwaka wa 1940 watu wa Balcarce walimsaidia kupata Chevrolet, naye akaenda nalo katika mashindano ya kutoka Buenos Aires hadi Lima, Peru, na kurudi. Hebu fikiria, safari ya zaidi ya kilomita 9,000, kupanda na kushuka milima ya Andes, njia za vumbi na mawe matupu. Gari likiharibika porini, dereva anashuka na spana yake. Fangio akashinda. Mwaka huo na uliofuata alikuwa bingwa wa Argentina.

Lakini mchezo huu hauna huruma. Mwaka wa 1948, katika mashindano mengine marefu, gari lake lilitoka barabarani nchini Peru likabingirika. Fangio alinusurika, lakini rafiki yake Daniel Urrutia, waliyekuwa pamoja garini, alikufa. Pigo hilo lilimfanya afikirie kuacha kabisa.

Hakuacha. Mwaka wa 1949 alikwenda Ulaya akiwa na miaka 37, umri ambao madereva wengi huwa wamekwisha tundika helmeti ukutani. Ubingwa wa dunia wa Formula 1 ulianza mwaka wa 1950. Mwaka huo Fangio alikuwa wa pili, na mwaka wa 1951 akauchukua akiwa na Alfa Romeo. Akauchukua tena mwaka wa 1954, akianza na Maserati na kumalizia na Mercedes. Mwaka wa 1955 ilikuwa Mercedes, mwaka wa 1956 Ferrari, na mwaka wa 1957 akarudi Maserati. Yaani katika ubingwa wake mara tano alitumia magari ya makampuni manne. Wenye wivu walisema eti ni magari ndiyo yaliyokuwa mazuri. Sasa mbona kila gari alilopanda yeye lilikuwa zuri?

Mimi naona siri yake ilikuwa kule gerejini Balcarce. Fangio alilisikiliza gari. Aliijua sauti ya gia inayoumia na harufu ya breki iliyochoka, kwa hiyo hakulichapa gari kama punda. Alikwenda kwa kasi iliyotosha kushinda, basi.

Siku alipokiuka busara hiyo nusura imuue. Mwezi wa Juni 1952 alishindana Jumamosi huko Ireland ya Kaskazini, na Jumapili alitakiwa awe Monza, Italia. Alipofika Paris akakosa ndege kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, akaendesha gari usiku kucha. Alifika muda mfupi tu kabla ya mashindano, hajalala, akaingia garini. Katika mzunguko wa pili gari lilimshinda, akarushwa nje na kuvunjika shingo. Miezi yote iliyobaki ya mwaka huo alikuwa akijiuguza. Wahenga hawakukosea waliposema haraka haraka haina baraka.

Sasa njooni tarehe 4 Agosti 1957, katika njia ya Nürburgring, Ujerumani. Mzunguko mmoja ulikuwa karibu kilomita 23, milimani na misituni, kona baada ya kona. Fangio alianza na mafuta nusu tangi ili gari liwe jepesi, akajua atasimama katikati ya safari. Aliposimama, mafundi wakachelewa kubadilisha magurudumu. Alipotoka, Waingereza wawili wa Ferrari, Mike Hawthorn wa miaka 28 na Peter Collins wa miaka 25, walikuwa wamemtangulia kwa zaidi ya sekunde 40. Watu wakasema mzee amekwisha. Wapi! Alianza kuvunja rekodi ya njia ile mzunguko baada ya mzunguko. Katika mzunguko wa 21 kati ya 22 akampita Collins, kisha Hawthorn. Akashinda kwa sekunde 3 na ushei, na ubingwa wa tano ukawa wake.

Mwezi wa Februari 1958, waasi wa Fidel Castro walimteka nyara hotelini Havana, Kuba, ili kuiaibisha serikali ya Batista. Walimtunza vizuri na kumwachilia baada ya mashindano, naye hakuwawekea kinyongo. Mwezi wa Julai, huko Reims, Ufaransa, alishindana kwa mara ya mwisho. Hawthorn, aliyekuwa akiongoza, angeweza kumpita kwa mzunguko mzima, lakini alipunguza mwendo makusudi asimwaibishe mzee. Heshima hiyo! Mwezi uliofuata Collins alipata ajali pale pale Nürburgring akafa, na Januari 1959 Hawthorn akafa katika ajali ya barabarani kwao Uingereza. Vijana wakatangulia, mzee akabaki.

Fangio alikuwa ameshiriki mashindano 51 ya ubingwa wa dunia na kushinda 24. Rekodi ya ubingwa mara tano haikuvunjwa hadi mwaka wa 2003, alipoipita Michael Schumacher.

Nyumbani je? Hapa ndipo hadithi inaponigusa. Fangio hakuoa. Aliishi miaka mingi na Andrea Berruet, aliyeitwa Beba, ambaye kisheria alikuwa mke wa mtu mwingine, na Argentina haikuwa na sheria ya kudumu ya talaka hadi mwaka wa 1987. Walipata mtoto, Oscar, ambaye aliandikishwa kwa jina lisilo la Fangio. Oscar naye akawa dereva wa mashindano. Baba alipofariki tarehe 17 Julai 1995, akiwa na miaka 84, jambo hilo lilikuwa bado halijamalizwa. Mwaka wa 2015 mahakama iliamuru kaburi lifukuliwe, na uchunguzi wa DNA ukathibitisha kwamba Oscar ni mwanawe. Mwaka uliofuata ikathibitishwa hivyo kwa mzee mwingine aliyepita miaka 70. Wazee wazima, wajukuu wanao, wakingoja kuambiwa baba yao ni nani.

Mimi natumia jina la babu yangu mzaa mama. Tukiletewa fomu darasani na kufika pale pa jina la baba, najua jinsi kalamu inavyokuwa nzito, na najua si mimi peke yangu. Kwa hiyo siwezi kumsifu Fangio kwa kila kitu. Mtu aliyesikia gia ikiumia kilomita nyingi kabla haijakatika, alikuwa na miaka hamsini na zaidi ya kwenda ofisini kuandika jina moja, naye hakwenda.

Hata hivyo, namheshimu kwa ufundi, uvumilivu na unyenyekevu wake. Huko Balcarce kuna jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka wa 1986, lenye magari na vikombe vyake. Wenzangu, tujifunze kazi zetu kama Fangio alivyojifunza injini. Na wavulana wenzangu, tutakapokuwa baba, watoto wetu wasilitafute jina letu mahakamani. Kwaherini hadi toleo lijalo.